Penalti ya netiboli: kwa nini unasimamishwa pembeni?

Wadau, leo nataka tuongee historia ya kosa. Sio dhambi jamani, kosa la uwanjani, lile la netiboli ambapo refa anapuliza filimbi halafu anakuambia simama pale. Kwetu Nyakisasa, Ngara, kama kwingine kwingi, binti mgeni wa mchezo anafundishwa kudaka na kurusha siku ya kwanza, lakini sheria anajifunza kwa kufokewa. "Penalti!" Ya nini? Haambiwi. Wapo wanaoacha kabisa wakidhani wameaibishwa.

Tuanze mbali kidogo. Desemba 1891, Springfield, Marekani, James Naismith aliangika vikapu vya matunda akaanzisha mpira wa kikapu kwa ajili ya wanaume. Mwaka 1892 Senda Berenson, mwalimu wa Smith College, akawapa wasichana wake mchezo huo huo, ila aliubana. Uwanja aliugawa mara 3 na mchezaji hatoki kwenye sehemu yake. Hakuna kumpokonya mwenzako mpira mkononi. Hakuna kuushika zaidi ya sekunde 3. Enzi hizo watu waliamini kabisa kwamba mwili wa mwanamke hauwezi mikikimikiki, na hata ungeweza, zile sketi ndefu zisingeruhusu.

Mchezo ukavuka bahari hadi Uingereza, kwenye chuo cha mama mmoja mzaliwa wa Uswidi, Martina Bergman-Österberg. Huko ndiko ulikogeuka kuwa netiboli, na sheria zake za kwanza zikachapishwa 1901. Hata hivyo kila nchi iliendelea kucheza kivyake, wengine wachezaji 9, mpaka mkutano wa Colombo, Sri Lanka (enzi hizo Ceylon), mwaka 1960 ulipounganisha sheria kwa wachezaji 7.

Kwetu uliletwa na Mwingereza kupitia shule za wasichana. Vuka tu Rusumo au Kabanga uone: Rwanda na Burundi, alikotawala Mbelgiji, kikapu ndicho kilichoshika mizizi.

Sasa kosa lenyewe. Ukishika mpira zaidi ya sekunde 3, ukiburuza mguu, au ukiingia eneo lisilo lako, wapinzani wanapewa pasi huru na wewe unaendelea kucheza kama kawaida. Penalti ni kwa aliyemgusa mwenzake akamharibia, au aliyemziba. Hapo kwenye kuziba ndipo wageni wanapoliwa. Sheria inataka umbali maalumu kati ya mguu wako na mguu wa mwenye mpira, unapimwa chini, sio kwenye mikono. Binti ananyoosha mikono yuko karibu mno, anaapa "sijamgusa mimi!" Kweli hajamgusa. Na kosa ni kosa.

Kwa nini basi asimamishwe? Kwa sababu amepata faida ya nafasi, sheria inamnyang'anya nafasi hiyo hiyo. Anakaa kando ya mpiga pasi bila kuingilia, timu yake inabaki na watu 6 kwa pasi moja. Mpira ukitoka tu mkononi mwa mpigaji, umeshaachiwa, kimbia! Nimeona wengi wanabaki wameganda pale kama wamepigwa magoti, huku mtu wao anafunga kiulaini.

Linganisha na rola dabi, mbio za viatu vya magurudumu zilizoanza Chicago mwaka 1935: siku hizi mkosaji anakalishwa kwenye kiti sekunde 30, wenzake wanateseka bila yeye. Netiboli nayo ina kutolewa nje dakika 2, lakini hiyo ni kwa wasiosikia maonyo au wanaocheza hatari.

Kinachonichekesha ni kwamba kanuni zilizotungwa kumlinda mwanamke "dhaifu" zimezaa mchezo mgumu vibaya sana. Huruhusiwi kupokonya, kwa hiyo lazima usome pasi kabla haijarushwa. Wavulana mnaobisha, njooni mcheze GD dakika 15 tu.

Nikienda mafunzo kwa vitendo nitabeba ile rula ya ubaoni ya mita 1, kila mmoja asimame kwenye umbali unaotakiwa mpaka miguu izoee. Filimbi baadaye.