Chanya kwa Wote Wawili

Shangazi yangu anaishi Mbwara, Rufiji. Karatasi za hospitali anazihifadhi kwenye mfuko wa plastiki, pamoja na kadi za kliniki na vyeti vya kuzaliwa vya wanawe. Likizo iliyopita alinitolea karatasi mbili, moja ya mwanawe mkubwa na nyingine ya mdogo. Zote mbili zilikuwa na kipimo kilekile cha selimundu na jibu lilelile: chanya.

"Wewe uliyesoma, mwanangu, hebu nieleze," aliniambia. Mdogo huumwa viungo kila baridi ikiingia na ameshaongezewa damu mara tatu. Mkubwa alikatazwa mpira tangu karatasi ilipotoka, lakini hucheza kwa kujificha na hana anachoumwa. Karatasi zinasema ni wagonjwa wote wawili. Na ukweni walishatoa hukumu yao, kwamba damu mbaya imeletwa na mke.

Mimi nasoma historia, si udaktari. Lakini swali la shangazi lina historia. Madaktari walihangaika nalo kwa karibu miaka 40, na sehemu kubwa ya jibu ilitoka kwenye damu ya watu wa huku kwetu.

Desemba 1904 kijana kutoka kisiwa cha Grenada, Walter Clement Noel, aliyekuwa akisomea udaktari wa meno Chicago, alilazwa hospitalini. Daktari aliye mafunzoni, Ernest Irons, alitazama damu yake kwa hadubini. Chembe nyekundu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo, zilikuwa ndefu na zimepinda kama mundu. Mkuu wake, James Herrick, alichapisha habari hizo mwaka 1910. Noel alirudi Grenada kufanya kazi yake ya meno, akafariki mwaka 1916.

Mwaka 1927 Hahn na Gillespie walionyesha kwamba chembe hizo hujipinda pale oksijeni inapopungua. Huo ndio msingi wa kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi za shangazi: tone la damu linanyimwa hewa, mpimaji anasubiri, kisha anatazama. Tatizo ni kwamba damu ya watu wengi wenye afya njema nayo ilijipinda. Waliokuwa na dalili hiyo walikuwa wengi mno, na wagonjwa walikuwa wachache. Wapo waliodhani kwamba hao wazima ni wagonjwa ambao siku yao haijafika. Shangazi naye alidhani hivyohivyo alipomnyang'anya mkubwa mpira.

Fundo lilifunguka mwaka 1949. James Neel huko Marekani, na E. A. Beet aliyekuwa daktari Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, walifikia jibu moja kila mtu kwa njia yake. Aliyerithi kinasaba cha selimundu kwa mzazi mmoja tu ni mbebaji, na kwa kawaida haugui. Aliyekirithi kwa wazazi wote wawili ndiye mgonjwa. Mwaka huohuo Linus Pauling na wenzake walipitisha himoglobini kwenye mkondo wa umeme. Ya mgonjwa ilitembea tofauti na ya mtu wa kawaida, na ya mbebaji ilikuwa na aina zote mbili. Aina ya kawaida ikaja kuitwa A, na ya selimundu S. Kwa hiyo kuna AA, kuna AS ambaye ni mbebaji, na kuna SS ambaye ni mgonjwa. Kipimo cha kutazama chembe zikijipinda huwaita AS na SS kwa jina moja: chanya.

Lilibaki swali jingine. Ikiwa kinasaba hiki huua watoto, kwa nini hakikupotea? Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya na kusoma Oxford, alikusanya damu sehemu mbalimbali za Kenya. Pwani na karibu na Ziwa Victoria, wabebaji walizidi asilimia 20 katika baadhi ya jamii. Kwenye nyanda za juu hawakufika asilimia 1. Huko Uganda, Lehmann na Raper nao waliona tofauti kubwa kati ya kabila na kabila. Allison aliona kwamba ramani ya wabebaji inafuata ramani ya malaria.

Mwaka 1953 alirudi kulijaribu wazo hilo. Karibu na Kampala alipima watoto 290. Vijidudu vya malaria vilionekana kwa karibu asilimia 28 ya wabebaji, na kwa karibu asilimia 46 ya wengine. Kisha watu wazima 30 wa kabila la Waluo, waliojitolea, waliambukizwa malaria kwa makusudi. Kati ya 15 wasio wabebaji, 14 walipata vijidudu. Kati ya 15 wabebaji, walipata 2 tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954, na leo yamo kwenye vitabu vya baiolojia duniani kote. Jina la Allison tunalijua. Majina ya wale 30 sijawahi kuyasikia darasani.

Rufiji ni nchi ya mto, mpunga na mbu. Mtoto wa AS anaweza kupata malaria, lakini ana kinga dhidi ya ile kali inayoua wadogo. Kwa hiyo kile ambacho ukweni wanakiita damu mbaya kimewavusha watoto wengi utotoni, vizazi kwa vizazi. Gharama yake hulipwa na mtoto wa SS. Kwake malaria ni hatari zaidi, si pungufu. Inakadiriwa kwamba Tanzania huzaliwa watoto takriban 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka. Muhimbili wagonjwa wake wamekuwa wakifuatiliwa kwa utafiti tangu 2004, kazi ambayo Profesa Julie Makani ameiongoza.

Nilimwambia shangazi kwamba kinachotakiwa ni kipimo cha pili, kile cha umeme, kiitwacho elektroforesisi. Kiwango cha damu peke yake hakitoshi, maana malaria na upungufu wa madini ya chuma navyo hukishusha. Na kwa mdogo kuna la kuangalia: aliyeongezewa damu karibuni hubeba himoglobini A ya mtu mwingine, na majibu yanaweza kudanganya. Ni vizuri kusubiri kama miezi mitatu.

Walisubiri, wakaenda. Mdogo ni SS, na sasa ana siku zake za kliniki. Mkubwa ni AS. Amerudishiwa mpira, na ameambiwa kwamba siku akitaka kuoa, wapime kwanza yeye na mwenzake. Wazazi wakiwa AS wote, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto wa SS.

Shangazi alikaa kimya, akaanza kuhesabu kwa vidole. "Kwa hiyo mdogo amechukua moja kwangu na moja kwa baba yake?"

Ndiyo, nilimwambia. Hakuna njia nyingine.

Alimwita mume wake aliyekuwa uani, akaniomba nirudie maneno yale yale mbele yake. Nikarudia. Mjomba alisikiliza amesimama, kisha akavuta kigoda akakaa.

Baba yangu ni kaka wa shangazi, toka nitoke. Niliporudi chuoni nilikwenda kupima. Mimi ni AS.