Kufa Kufaana: Truman Capote na Kitabu Kilichongoja Kitanzi

Wahenga walinena kwamba kufa kufaana. Msemo huo ungeweza kuwa anwani ya filamu ya *Capote*, iliyoongozwa na Bennett Miller mwaka 2005, inayosimulia miaka sita ya maisha ya mwandishi wa Kimarekani, Truman Capote.

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Novemba 1959, huko Holcomb, jimbo la Kansas, mkulima Herbert Clutter, mkewe na watoto wao wawili waliuawa nyumbani mwao. Wauaji, Perry Smith na Richard Hickock, walisadiki kwamba mlikuwa na kasha la fedha. Kasha halikuwamo, waliondoka na dola zisizofika 50.

Capote aliisoma habari hiyo gazetini, akafunga safari kutoka New York pamoja na sahibu yake wa utotoni, mwandishi Harper Lee. Kwa watu wa Holcomb alikuwa kioja: sauti nyembamba kama ya mtoto, mavazi ya fahari, madaha yasiyo kifani. Upole wa Lee ndio uliomfungulia milango mingi.

Wauaji walikamatwa, na mwaka 1960 wakahukumiwa kunyongwa. Rufaa zao zilichukua miaka mitano. Capote aliwazuru gerezani, na Smith akamwamini, akamsimulia utoto wake wa dhiki. Hapo ndipo filamu inapochoma. Smith anapouliza jina la kitabu, Capote anadai kwamba bado hajalichagua, ilhali amekwisha kulichagua. Kila rufaa iliyowaongezea wafungwa siku za kuishi ilimcheleweshea mwandishi tamati ya kitabu chake. Aliwahurumia, na papo hapo alikingoja kifo chao.

Walinyongwa tarehe 14 Aprili 1965, Capote akiwapo. Kitabu chake, *In Cold Blood*, kilitoka Januari 1966, kikampa utajiri na sifa kuu. Hata hivyo, hakukamilisha riwaya nyingine hadi alipofariki mwaka 1984.

Philip Seymour Hoffman, aliyeigiza nafasi ya Capote, alitunukiwa Oscar mwaka 2006. Lakini hukumu ya filamu imo kinywani mwa Lee. Capote anapolalama kwamba hakuwa na uwezo wa kuwaokoa, Lee anamjibu kuwa huenda ni kweli, ila hakutaka kuwaokoa.

Siri ya mtu ni amana, hata akiwa muuaji.