L'homme qui répare les femmes (filamu)

L'homme qui répare les femmes ni filamu ya hali halisi ya mwaka 2015 iliyoongozwa na Mbelgiji Thierry Michel na kuandikwa naye pamoja na mwanahabari Colette Braeckman. Inamhusu Denis Mukwege, daktari wa magonjwa ya wanawake aliyezaliwa Bukavu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwaka 1955 na kuanzisha Hospitali ya Panzi mwaka 1999.

Usuli
Oktoba 2012 watu wenye silaha walimvamia Mukwege nyumbani kwake Bukavu wakamuua mlinzi wake. Daktari alikimbilia ughaibuni na familia yake. Akina mama wa mkoa huo wa Kivu Kusini waliuza mananasi na vitunguu kuchangia nauli ya ndege ya kumrudisha, naye akarejea Januari 2013.

Maudhui
Filamu inamwonyesha akiishi ndani ya uzio wa hospitali chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa, akiwatibu wanawake waliobakwa vitani. Nguvu kuu ya filamu ni wanawake hao wenyewe: wanasimulia yaliyowapata na kudai haki waziwazi.

Mapokezi
Septemba 2015 serikali ya Kongo iliipiga marufuku filamu hiyo, ikidai kwamba tafsiri ya shuhuda ilipotoshwa ili kulichafua jeshi. Marufuku hiyo iliondolewa Oktoba. Mwaka 2016 filamu ilipata Tuzo ya Magritte ya filamu bora ya hali halisi. Mukwege alitunukiwa Nobeli ya Amani mwaka 2018, pamoja na Nadia Murad wa Iraki.