SOMO LA HISTORIA: MCHORAJI WA WATU WA JEMBE

Shikeni kalamu zenu.

Jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita ya 1914–1918. Wengi wao walikuwa wakulima waliotolewa mashambani. Maelfu walikufa, na majina ya wengi hayakuandikwa. Hivyo ndivyo historia ya watu wa kazi inavyopotea. Leo tutajifunza habari za mtu aliyeihifadhi kwa rangi.

Jina lake ni Sam Joseph Ntiro. Alizaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923. Alisoma uchoraji Makerere, Uganda, kwa Bibi Margaret Trowell, kisha Slade School, London. Baadaye alifundisha Makerere. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, alitumwa London kuwa Balozi. Alifariki mwaka 1993.

Mtu aliyefika mbali hivyo angeweza kuchora wakubwa na majumba yao. Yeye alichora watu wa kijijini wakilima, wakivuna na kubeba mizigo. Mwaka 1956 alichora wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku. Picha hiyo imo katika jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa, New York.

Watu katika picha zake ni wengi na wadogo. Sura ya mmoja haitofautiani sana na ya mwenzake. Kinachoonekana kwanza ni kazi ya pamoja.

Je, picha ya namna hiyo inatosha kuwa historia? Haitoshi. Miaka ile Wachagga waliuza kahawa kwa chama chao cha ushirika, K.N.C.U., kilichoanzishwa mwaka 1933. Watu waliongezeka, na vihamba vikawa haba. Picha ya watu wanaolima pamoja haituambii shamba ni la nani, wala ni nani asiye na shamba. Lakini daftari la magunia nalo halituonyeshi migongo iliyoinama. Mwanahistoria huvitazama vyote viwili.

Maswali:
1. Ntiro alizaliwa wapi?
2. Picha inatuonyesha nini ambacho daftari haliwezi kutuonyesha?
3. Andika sentensi tano juu ya kazi ya mzee mmoja wa kwenu. Taja jina lake, na useme shamba au duka lilikuwa la nani.

Kwaherini.