Historia ya Skrini Tatu za Rubani wa Nyumbani

Simuleta ya ndege, yaani mtambo wa kuigiza urushaji wa ndege bila kuondoka ardhini, ilitumika kwa miaka mingi kabla haijapata dirisha la kutazamia nje. Jambo hilo ni gumu kulikubali leo, kwa kuwa mtu anayejenga simuleta nyumbani mara nyingi huanza kwa kujiuliza apange skrini ngapi mezani na kwa pembe gani, na usukani na kanyagio hufuata baadaye. Hata hivyo, historia ya chombo hiki inaonyesha kwamba mandhari ya nje ndiyo iliyochelewa kuliko vitu vyote, na kwamba hoja yenye nguvu zaidi ya kuzipanga skrini ubavu kwa ubavu ilizaliwa katika sinema.

Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda vya mabomba mjini Binghamton, katika jimbo la New York, aliunda mwaka 1929 sanduku lenye mabawa mafupi lililokalia mivukuto, yaani mifuko ya ngozi na kitambaa inayojaa hewa na kuitoa, ya aina ileile iliyotumika katika vinanda hivyo. Mwanafunzi aliposogeza usukani, hewa ilihamishwa katika mivukuto na sanduku likainama au kuinuka kama ndege. Wanunuzi wake wa mwanzo walikuwa wenye viwanja vya burudani. Mambo yalibadilika mwaka 1934, jeshi la Marekani lilipokabidhiwa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege na kupoteza marubani kadhaa katika muda wa wiki chache, kwa sehemu kubwa kwa sababu hawakuwa wamezoea kuruka usiku na ndani ya mawingu kwa kutegemea vipimo peke yake. Jeshi likanunua masanduku sita, kila moja kwa dola 3,500, na vita vikuu vya pili vilipozuka mtambo huo ukawa sehemu ya kawaida ya mafunzo ya marubani wa mataifa washirika. Siri ya mafanikio hayo ilikuwa kifuniko: mwanafunzi alifungiwa gizani, akabaki na dira, kipimo cha mwinuko na sauti ya mwalimu, na kwa kuwa somo lenyewe lilikuwa kuruka bila kuona, hakuna aliyelalamika kwamba sanduku halikuwa na mandhari.

Mandhari ilishughulikiwa na mtu wa aina nyingine kabisa. Fred Waller, fundi wa picha za ujanja wa kamera katika kampuni ya filamu ya Paramount, ambaye pia alipata hataza ya ubao wa kuteleza juu ya maji, aliamini kwamba hisia ya kuwa mahali fulani haitokani na kile ambacho jicho linakikazia katikati, bali na kile linachokipata kwa pembeni bila kukikusudia. Picha inayoishia mbele ya uso humfanya mtu mtazamaji. Inayomzunguka hadi kwenye pembe za macho humwingiza ndani yake. Wakati wa vita aliunda mtambo wa kuwafunza wapiga mizinga wa ndege ambamo projekta tano ziliangaza kwa pamoja kwenye ukuta uliopinda kama sehemu ya ndani ya tufe, na mwanafunzi akalenga ndege za adui zilizomjia kutoka juu na kando. Baada ya vita aliigeuza fikra hiyo kuwa burudani: tarehe 30 Septemba 1952, mjini New York, sinema ya Cinerama ilifunguliwa kwa projekta tatu na pazia lililopinda lenye upana wa nyuzi 146, kipimo kinachokaribia upana wa uoni wa binadamu anayetazama mbele.

Cinerama ilikuwa na kasoro moja ambayo haikupata kutibiwa kikamilifu. Mahali picha mbili zilipokutana palikuwa na mshono, mstari uliotetemeka na kung'aa kuliko sehemu nyingine, na mafundi walijaribu kuuficha kwa kuweka ndani ya projekta vipande vyenye meno kama kitana, vilivyochezacheza ili kingo za picha zififie. Waigizaji walipangwa wasisimame penye mshono. Yeyote aliyewahi kuweka monita mbili pamoja na kukasirishwa na fremu zinazokata anga katikati ameurithi usumbufu huo bila kujua ulikotoka.

Simuleta za mashirika ya ndege zilipita njia ndefu ambayo hapa inatosha kuidokeza. Kwa muda mrefu mandhari yake ilitoka kwenye ubao mkubwa wenye sanamu ndogo ya uwanja na mashamba, huku kamera ya televisheni ikisogezwa juu yake kufuata mwendo wa ndege. Picha za kompyuta ziliingia katika miaka ya 1970 zikianza na usiku, kwa sababu taa ni nukta tu na nukta ni rahisi kuchora. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Rediffusion ya Crawley, Uingereza, ilitumia kioo kikubwa kilichopinda kuwaonyesha marubani wawili mandhari moja pana isiyo na mshono, inayoonekana kama iko mbali sana. Kifaa cha namna hiyo kilihitaji jengo lake na bajeti ya shirika zima.

Nyumbani mambo yalianza kwa udogo. Bruce Artwick, aliyesomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Illinois na kuandika tasnifu kuhusu uonyeshaji wa mwendo wa ndege kwa kompyuta, alitoa mwaka 1980 programu ya simuleta kwa kompyuta ya Apple II, na mwaka 1982 Microsoft ikatoa toleo lake kwa kompyuta ya IBM. Dunia yake ilikuwa mistari michache, na kioo kimoja kiligawanywa sehemu mbili, vipimo chini na dirisha juu. Aliyetaka kutazama kando alibonyeza vitufe, na mbele ikatoweka. Suluhisho hilo lilitosha kwa safari iliyonyooka, ila lilimnyima rubani uwezo ule ambao Waller aliuthamini kuliko wote, yaani kuona kando bila kuacha kutazama mbele.

Skrini ya pili ilipata uhalali wa kawaida mwaka 1998, Windows 98 iliporuhusu kompyuta moja kuendesha hadi monita tisa. Uhuru huo ulikuwa wa karatasi zaidi kuliko wa mezani, kwani monita kubwa za bomba la kioo ziliweza kufika kilo 25 au zaidi kila moja, na kila dirisha jipya la mandhari liliilazimu kompyuta kuichora dunia upya. Skrini bapa zilipopungua bei katika muongo uliofuata, mzigo wa kwanza uliondoka. Kampuni ya Matrox ya Kanada, ambayo mwaka 2002 ilikuwa imetoa kadi ya michoro inayoendesha skrini tatu, ilileta baadaye kisanduku kidogo kilichoidanganya kompyuta kwamba imeunganishwa na skrini moja ndefu ya nukta 3,840 kwa 1,024, kisha kikaikata picha vipande vitatu. Mwaka 2009 AMD iliingiza uwezo huo ndani ya kadi zake za kawaida, na mshindani wake NVIDIA akafuata mwaka 2010.

Hapo ndipo ugumu halisi ulipojitokeza, nao ulikuwa wa jiometri. Skrini ya inchi 27 ina upana wa takriban sentimita 60. Ikiwekwa sentimita 70 kutoka machoni hujaza nyuzi 46 hivi za uoni. Tatu zikipangwa kwa mstari mmoja ulionyooka hujaza nyuzi 104, lakini zile za kando zikigeuzwa kumkabili mkaaji hufika karibu 139, kiasi kidogo chini ya pazia la Waller. Tatizo ni kwamba programu iliyodanganywa kuwa ina skrini moja huichora dunia kana kwamba inaonekana kupitia bamba moja bapa, na bamba bapa huvuta vitu kadiri vinavyoenda kando. Skrini zikikunjwa huku mchoro ukibaki wa bamba bapa, mstari wa upeo huvunjika kwenye maungio kila ndege inapolala upande.

Tiba ni kuipa kila skrini mtazamo wake wenye pembe yake. X-Plane, programu ya Austin Meyer iliyoanza miaka ya 1990, ilifanya hivyo awali kwa kuunganisha kompyuta kadhaa kwa mtandao, na toleo lake la 11 likaruhusu kompyuta moja kubeba kazi hiyo. Simuleta ya Microsoft ya mwaka 2020, iliyosifiwa duniani kote kwa uzuri wa ardhi yake, ilitoka bila uwezo huo, na iliupata mwaka 2022 kwa majaribio.

Hata nyuzi 139 zina mpaka wake. Rubani anayezunguka uwanja kabla ya kutua huiona njia ya kutulia ubavuni mwake kabisa, nyuzi 90 kutoka mbele, ilhali skrini ya kando humfikisha takriban 70. Kwa hiyo wengine huongeza skrini ya nne na ya tano, na wengine huvaa kifaa kinachofuata mwendo wa kichwa. Kuhusu mshono, wajenzi wa nyumbani wana ujanja ambao mafundi wa Cinerama hawakuweza kuutumia. Ndege ndogo nyingi zina nguzo kati ya kioo cha mbele na madirisha ya kando, na mpangaji makini husogeza mtazamo mpaka nguzo hiyo iangukie palepale fremu mbili zinapokutana, hivi kwamba plastiki nyeusi ya monita husimama mahali ambapo katika ndege yenyewe pana chuma.