Mpira Mshipani: Kifaa Kilitangulia, Mafunzo Yakafuata

Serumu anayotundikiwa mgonjwa wa kipindupindu Kolwezi, jimboni Lualaba, Kongo, hupita kwenye sindano fupi ya mkononi, nayo hutolewa baada ya siku chache. Mgonjwa wa saratani anayetiwa dawa kali kwa miezi huhitaji katheta ya muda mrefu: mpira mwembamba unaopenya mshipa mkubwa hadi ncha yake isimame karibu na moyo.

Safari ya katheta hiyo ilianza na kipindupindu chenyewe. Mwaka 1832, huko Leith, Uskoti, daktari Thomas Latta alitia maji ya chumvi mishipani mwa wagonjwa waliokaukiwa maji mwilini. Mwaka 1929, Werner Forssmann, daktari kijana wa Eberswalde, Ujerumani, alikatazwa na mkubwa wake kufanya jaribio la kufikisha katheta moyoni. Akalifanya kwa siri: alifungua mshipa wa mkono wake mwenyewe, akasukuma ndani katheta ya njia ya mkojo, sentimita 65, kisha akashuka ngazi kwenda kupigwa eksirei ili pasiwe na ubishi. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1956.

Mwaka 1953 Sven-Ivar Seldinger, Mswidi, alirahisisha kazi: sindano huingia kwanza, waya laini hupita ndani yake, sindano hutolewa, mpira hufuata njia ya waya. Miaka ya 1970, madaktari Broviac na Hickman wa Seattle, Marekani, walitengeneza katheta zinazopitishwa chini ya ngozi ya kifua, zikiwa na kipande cha kitambaa ambacho nyama hukishika.

Vifaa viliposonga hivyo, mafunzo Kongo yalibaki nyuma. Enzi za Wabelgiji, ukanda wa shaba ulikuwa na hospitali za Union Minière, kampuni ya madini, lakini elimu ya Wakongomani iliwekewa dari. Walisomea uuguzi na usaidizi wa tiba. Uhuru ulipofika mwaka 1960, nchi haikuwa na daktari Mkongomani hata mmoja. Shirika la Afya Duniani likapeleka wasaidizi hao kwa makumi Ufaransa, wakarudi madaktari. Kilichowakwamisha miaka yote hiyo kilikuwa ruhusa, si uwezo.

Somo hilo, kwamba aliyefunzwa huweza, bado lina kazi. Anayeweka katheta lazima ajue mishipa ilivyokaa, aone kwa altrasaundi anapochoma, asiuachie waya hata nukta moja usije ukazama mwilini, na ahakikishe ncha ilipofika. Huanzia kwenye sanamu, kisha huweka chini ya macho ya mwalimu. Baada ya hapo, mlinzi wa mpira ni muuguzi, awe wa daraja la A1 au A2: kunawa, kufuta mdomo wa mpira kila unapofunguliwa, kubadili bandeji. Utafiti wa Michigan uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba hatua nyepesi, kunawa ikiwamo, zikifuatwa bila kuruka, zilipunguza maambukizi ya damu yatokanayo na katheta kwa hadi asilimia 66.

Kwa hiyo hospitali ya Lualaba inayopanga bajeti ya katheta iandike mafunzo ya wauguzi kwenye mstari wa kwanza. Mpira uliowekwa vizuri na kutunzwa ovyo ni mlango wa vijidudu hadi moyoni.