Kasi Imepimwa na Nani? Historia ya kushindanisha simu, kuanzia kingo za Mto Minnesota

Mwaka 1983 lilifunguliwa Burnsville, kusini mwa Minneapolis, duka lililobadilisha namna Wamarekani wanavyonunua vifaa vya umeme. Mwenye duka, Richard Schulze, alikuwa ameanza mwaka 1966 huko Saint Paul na duka la redio na spika lililoitwa Sound of Music. Juni 1981 kimbunga kiliezua paa la tawi lake la Roseville. Mali iliyosalimika akaitoa nje, akatangaza bei ya kutupa, na wateja wakafurika kupita alivyotarajia. Miaka miwili baadaye kampuni ikaitwa Best Buy, na duka kubwa la kwanza la jina hilo likawa hilo la Burnsville.

Hatua iliyo muhimu zaidi kwa habari hii ilikuja mwaka 1989. Best Buy iliacha kuwalipa wauzaji wake kwa kamisheni, ikawapa mshahara. Bidhaa zikatolewa ghalani zikapangwa ukumbini, mteja azishike mwenyewe, aziweke mbili pamoja, azilinganishe. Baadhi ya watengenezaji hawakulifurahia jambo hilo, na sababu yao inaeleweka: muuzaji asiye na senti yake ndani ya bidhaa hana haja ya kuisifu kuliko jirani yake rafuni.

Leo anayesimama katika duka lolote la simu la Burnsville, iPhone mkono huu na Galaxy mkono ule, anafanya kile ambacho duka la 1983 lilianza kumfundisha. Lakini simu mbili hizo zina vioo vilevile vinavyong'aa na bei zinazokaribiana. Kasi ya chipu haionekani kwa macho. Hapo ndipo mnunuzi anapolazimika kuamini namba ya mtu mwingine, na historia ya namba hizo nayo inapita hapahapa.

Ukitoka Burnsville kwenda kaskazini kwa barabara ya 35W, unavuka Mto Minnesota na kuingia Bloomington. Huko ndiko yalikokuwa makao makuu ya Control Data, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1957 na William Norris na wenzake. Mwaka 1964 kampuni hiyo ilitoa kompyuta ya CDC 6600, iliyoweza kufanya takriban hesabu milioni 3 kwa sekunde, kasi iliyokuwa mara tatu ya Stretch, fahari ya IBM wakati ule. Mbunifu wake, Seymour Cray, alijitenga na kelele za ofisi akafanyia kazi katika mji mdogo wa kwao, Chippewa Falls, jimbo jirani la Wisconsin, akiwa na kikosi cha watu 34, mfagizi akiwemo. Hesabu hiyo ya watu tunaijua kwa sababu Thomas Watson Mdogo, mkuu wa IBM, aliitaja Agosti 1963 katika waraka mkali kwa wasaidizi wake. Alitaka kuelezwa kampuni yenye maelfu ya wahandisi imeshindwaje na watu wachache hivyo.

Jibu la IBM sokoni ndilo linalonifanya nianzie hapa badala ya kuanzia California au Seoul. Kampuni hiyo ilitangaza mashine ya kuishinda 6600 kabla mashine yenyewe haijawa tayari. Wateja waliokuwa wanataka kununua kwa Control Data wakaamua kusubiri, na mauzo yakadorora. Desemba 1968 Norris aliipeleka IBM mahakamani, akidai imeuza mashine za kwenye karatasi. Kesi ilimalizwa kwa maelewano mwaka 1973, na IBM ikaiachia Control Data kampuni yake ya huduma za kompyuta, Service Bureau Corporation. Kwa hiyo namba ya kasi iliyotamkwa na muuzaji, isiyoweza kupimwa na mtu mwingine, ilikuwa imeshafikishwa mbele ya hakimu karibu miaka 40 kabla ya iPhone ya kwanza.

Cray aliondoka Control Data mwaka 1972 akaanzisha kampuni yake. Cray-1 ya kwanza ilipelekwa Los Alamos mwaka 1976. Ilikuwa na uzito wa tani 5 na ushei, na karatasi zake zilisema inaweza kufikia hesabu milioni 160 kwa sekunde. Mwaka 1979 Jack Dongarra na wenzake walitoa mwongozo wa programu yao iitwayo Linpack, ambayo kazi yake ni kutatua milinganyo mingi kwa pamoja. Nyuma ya kitabu wakaweka jedwali la kompyuta 23, kila moja ikiwa imepewa kazi ileile: milinganyo 100 yenye vitu 100 visivyojulikana. Cray-1 iliyokuwa kituo cha utafiti wa anga cha NCAR, Colorado, iliimaliza kwa sekunde 0.049. Ukipiga hesabu, hiyo ni kasi ya milioni 14 kwa sekunde. Si 160.

Namba zote mbili ni za kweli, na ndiyo maana nalipenda jedwali lile. Milioni 160 ni kiwango ambacho mashine ingefikia kama kila sehemu yake ingekuwa na kazi kila wakati, bila kungoja kitu chochote kutoka kwenye kumbukumbu. Milioni 14 ni kile alichokipata mtu aliyeleta programu ya kawaida, kama alivyoiandika. Cray-1 bado iliongoza jedwali zima. Ila pengo kati ya uwezo wa kwenye karatasi na kazi iliyofanyika lilikuwa zaidi ya mara kumi, na aliyeliweka wazi hakuwa anauza kompyuta.

Watengenezaji nao hawakulala. Mwaka 1988 kampuni kadhaa zilianzisha chombo cha pamoja cha kupima kasi, SPEC, na kipimo chake cha kwanza kilikuwa na sehemu iitwayo matrix300. Haukupita muda mrefu wataalamu wakagundua namna ya kuifanya programu ya kutafsiri msimbo iichakate sehemu hiyo kwa ustadi wa pekee, hata alama zikapaa bila mashine kuwa bora kwa kazi nyingine yoyote. Toleo la 1992 likaitupa matrix300 nje.

Mwaka 2011 Dongarra aliipima kompyuta-kibao ya iPad 2 kwa Linpack, akakadiria kuwa kasi yake inalingana na Cray-2, jitu la mwaka 1985 lililopozwa kwa kuzamishwa kwenye kimiminika. Kompyuta ile iliyokuwa mali ya serikali na maabara ilikuwa imeingia mkononi, na hila za kuipima zikaingia nayo.

Apple ilianza kuuza iPhone tarehe 29 Juni 2007, na Septemba 2008 Best Buy ikaruhusiwa kuiuza katika maduka yake ya Marekani. Mwaka 2010 ukaja mpambano wenyewe: iPhone 4 na Samsung Galaxy S, zote zikitoka majira ya joto ya mwaka uleule. Magazeti yalizishindanisha kana kwamba ni viumbe wa sayari mbili. Ukweli ni kwamba chipu za simu hizo zilikuwa ndugu wa karibu. Zote zilitumia muundo wa Cortex-A8 wa kampuni ya ARM ya Uingereza, kampuni ndogo ya Texas iitwayo Intrinsity ilisaidia kuuongezea kasi, na zote zilifyatuliwa katika viwanda vya Samsung. Mwaka uliofuata Apple iliishtaki Samsung kwa kuiga muundo wa simu yake, na kesi ikaburutwa hadi 2018. Wakati mawakili wakikabana mahakamani, Samsung iliendelea kumtengenezea mshitaki wake chipu.

Mwaka 2013 Samsung ilifungua vibanda vyake ndani ya maduka 1,400 ya Best Buy, na Apple tayari ilikuwa na sehemu yake. Ukumbi uliojengwa kwa wazo la bidhaa kukaa pamoja ukagawanywa tena kwa majina ya wenye bidhaa.

Mwaka huohuo wa 2013 ndio uliovua nguo mchezo wa alama. Julai, waandishi wa tovuti ya AnandTech walithibitisha kuwa toleo moja la Galaxy S4 lilikuwa likiendesha chipu yake ya picha kwa megahetsi 532 pale tu lilipobaini kwamba programu ya kupima kasi imefunguliwa. Kwa michezo na programu nyingine, ukomo ulikuwa 480. Walipochungulia ndani ya msimbo wakakuta majina ya programu za vipimo yameorodheshwa, pamoja na neno BenchmarkBooster, yaani kichochea vipimo. Mgema alisifiwa, tembo akalitia maji. Oktoba, tovuti ya Ars Technica ikaonyesha kuwa Galaxy Note 3 nayo ilijiongezea hadi asilimia 20 kwenye baadhi ya vipimo, na AnandTech ikabaini kwamba karibu kila mtengenezaji mkubwa wa simu za Android alikuwa na hila ya aina hiyo. Apple na Motorola hazikukutwa nayo. Samsung ilishtakiwa na wanunuzi wa S4, na mwaka 2019 ikakubali kuwalipa, dola 10 kwa mtu.

Hila haikufa. Mwaka 2018 kampuni ya UL iliziondoa simu kadhaa za Huawei, ikiwemo P20, katika orodha ya kipimo chake cha 3DMark kwa kosa la namna ileile. Machi 2022 ikawa zamu ya kinyume chake: simu za Galaxy S22 zilikutwa na huduma inayopunguza kasi ya programu nyingi za kila siku ili simu isipate moto, huku ikiziacha programu za vipimo zikimbie zitakavyo. Geekbench, kipimo cha kampuni ya Primate Labs ya Toronto, ikaufuta ukoo mzima kutoka S10 hadi S22 kwenye chati zake.

Apple haikukutwa ikidanganya kipimo, lakini kipimo ndicho kilichoiumbua. Desemba 2017 John Poole, mwasisi wa Primate Labs, alikusanya alama ambazo wenye simu walikuwa wamezituma, akachora grafu. Simu za aina moja zilipaswa kurundikana kwenye alama moja. iPhone 6s badala yake ziligawanyika katika marundo kadhaa, jingine chini ya jingine. Siku chache baadaye Apple ilikiri kwamba programu yake inapunguza kasi ya simu zenye betri iliyochoka ili zisizime ghafla. Ikaomba radhi, ikateremsha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29, na mwaka 2020 ikakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi ya wateja.

Miongoni mwa sababu ambazo Apple ilizitaja ni baridi. Betri ya lithiamu ikipoa haiwezi kutoa umeme mwingi kwa mkupuo, na chipu yenye kasi inataka mkupuo. Mtu wa Burnsville anaielewa sababu hiyo vizuri. Januari nyuzi joto hushuka hadi 20 chini ya sifuri, na simu yenye asilimia 30 ya chaji huzima mkononi wakati unasubiri basi. Apple yenyewe inasema iPhone itumike kati ya nyuzi 0 na 35. Hapa Minnesota sehemu kubwa ya majira ya baridi iko nje ya kiwango hicho. Mombasa mwezi Februari, simu ikiwa juu ya dashibodi ya matatu, iko nje yake kwa upande wa pili, na huko chipu hujipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Ndiyo maana naona kipimo chenye faida zaidi kwetu ni kile cha 3DMark kinachoirudisha simu kwenye kazi ileile kwa dakika 20 mfululizo. Kinaonyesha simu gani inaanza kwa mbwembwe na kuishiwa pumzi dakika ya saba, na ipi inadumu.

Naandika hivi kwa sababu simu nyingi zinazonunuliwa na Waafrika Mashariki wa Burnsville, Brooklyn Park na vitongoji vingine vya Minneapolis na Saint Paul hazikai Minnesota. Husafiri kwenye mabegi ya Desemba kwenda kwa mama, mdogo wake mtu au mjomba. Anayenunua husoma alama za Geekbench, huuliza vijana wa kanisani au msikitini, kisha hutoa dola 1,000. Mara nyingi hasahau kuuliza kama simu imefungwa kwa mtandao mmoja wa Marekani. Jambo la pili husahaulika. Tangu Septemba 2022, kuanzia iPhone 14, iPhone zinazouzwa Marekani hazina tundu la laini. Zinatumia eSIM pekee, yaani laini iliyo ndani ya simu yenyewe. Mama wa Tabora aliye na laini yake ya plastiki, yenye M-Pesa na namba anayojulikana nayo kwa miaka mingi, hana pa kuichomeka. Itabidi aende kwenye duka la mtandao wake, akiwa na kitambulisho, akahamishiwe namba ndani ya simu, ikiwa mtandao wake unatoa huduma hiyo na duka lenyewe liko karibu. Galaxy S25 iliyouzwa Marekani bado ina tundu. Kwa familia hiyo, tundu hilo ndilo linaloamua simu ipi inunuliwe.